Kosa la Hesabu ni la Nani?

Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, ambao watoto wa Unguja na Pemba huufanya pamoja na wenzao wa Bara, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya kila wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Kila matokeo yatokapo, lawama huanza: walimu wachache, vitabu haba, na Kiingereza ambacho Sera ya Elimu ya 2006 ilikiingiza katika somo hilo tangu darasa la tano. Lawama hizo zina haki. Lakini liko jambo lisilohitaji mfadhili, nalo halisemwi.

Tulifungue daftari la mwanafunzi. Mwalimu ametoa mfano ubaoni, naye ameunakili. Amepewa maswali kumi, amekosa sita. Alama imeandikwa kwa wino mwekundu, na ukurasa wa pili ni mada nyingine. Yale sita hayakuguswa tena. Mzazi mwenye uwezo humpeleka mtoto tuisheni, na huko hunakili mara ya pili, kwa malipo.

Chuoni mambo si hivyo. Mtoto hasogezwi mbele mpaka alisome mwenyewe, mbele ya mwalimu wake, somo la jana. Twajua kuhifadhi si kukokotoa. Lakini mtoto yule anajua somo ni lake na anajua alipofika. Katika hesabu, akiulizwa ni wapi palipomshinda, hujibu kuwa hesabu ni ngumu, na hilo si jibu.

Sisi tunaona kila swali lililokosewa lirejeshwe kwa mwenyewe, aandike kwa maneno yake, hata kwa Kiswahili, ni hatua gani iliyompoteza, na maelezo hayo yapewe alama. Aliyejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5 hasaidiki kwa kuandikiwa 5/6. Husaidika agunduapo mwenyewe kuwa 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kufanya hivyo kila siku. Mara moja kwa wiki, kwa maswali matano badala ya kumi, yawezekana. Ila anaogopa kuachwa nyuma na muhtasari wa masomo. Hapo ndipo tunapowageukia wakubwa wa Wizara. Mkaguzi aingiapo darasani, kabla ya kumuuliza mwalimu amefikia mada gani, na ayafungue madaftari asome masahihisho yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe.