Pole haikatiwi risiti

Mwezi uliopita nilimpeleka mdogo wangu katika hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Sukari imempanda, mguu umevimba. Binti wa mapokezi akauliza: "Taslimu au bima?" Jina la mgonjwa lilifuata baadaye. Mguu haukuulizwa.

Nilianza uuguzi mwaka 1984, hospitali binafsi za biashara zikiwa zimepigwa marufuku tangu 1977. Siililii enzi ile. Glavu zilikuwa za kuhesabu, wagonjwa wakilala wawili kitanda kimoja. Biashara iliporuhusiwa tena 1991, na hospitali za serikali kuanza uchangiaji 1993, sikunung'unika. Hospitali haiendeshwi kwa dua.

Kilichonikwaza ni neno "mteja", tulilofundishwa kwenye semina kwamba ndilo la heshima. Nimestaafu, sasa nauza vitenge, kwa hiyo mteja namjua: bei ikimshinda, anaaga na kwenda duka la pili. Anayehema saa nane za usiku ataaga aende wapi? Hawezi kupatana bei, wala hajui anachouziwa.

Daktari alimwona mdogo wangu macho yakiwa kwenye kompyuta. Vipimo viko juu, akaandika aongezewe insulini. Foleni ilikuwa ndefu, simlaumu sana. Tulipofika chumba cha sindano, muuguzi kijana akachuchumaa, akaushika ule mguu. "Pole, mama. Nyumbani unachoma vipi?"

Mdogo wangu akaanza kulia. Kumbe alikuwa akiruka siku, ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hata mimi dada yake alinificha. Dozi ile mpya, angeichoma yote kila siku kama ilivyoandikwa, ingeweza kumshusha sukari hadi azimie. Muuguzi akarudi kwa daktari, dozi ikabadilishwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani huruma ni pambo la kuwekwa hesabu zikishakaa sawa. Huruma ni kipimo, na siku ile iligundua ambacho maabara haikukiona. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaweza kumpunguzia mtu hofu ya dirisha la malipo, lakini haitamchuchumaza yeyote. Hilo ni la mameneja: wanaohesabu wagonjwa kwa saa wamwachie muuguzi nafasi ya kuuliza swali la pili.

Bili yetu ilikuwa na mistari tisa. Zile dakika mbili za kuchuchumaa hazikuwemo.