Utalii Kivu: kabla ya kukata mshahara wa mfanya usafi, mwenye hoteli achore kwanza njia ya mgeni

Kandokando ya ziwa Kivu, kuanzia Goma hadi Bukavu kupitia kisiwa cha Idjwi, nyumba za wageni na kambi za mapumziko zingali zinapokea watu hata katika kipindi hiki kigumu: harusi, semina za mashirika, jamaa zinazotafuta hewa ya ziwa mwisho wa juma. Na mara nyingi ugomvi ni uleule. Mgeni aliyelipa avansi anafika saa nane mchana, chumba hakiko tayari. Mwingine anaambiwa kwamba chumba chake kimepewa mtu mwingine. Wa tatu ameagiza samaki, anangoja hadi njaa inapita. Msimamizi anaomba msamaha, mwenye hoteli anakasirika, na mwisho wa mwezi ni mfanya usafi ao mpishi anayekatwa mshahara.

Adhabu hiyo haitengenezi kitu. Mwezi unaofuata ugomvi unarudi, kwa sababu chanzo chake hakiko katika mikono ya yule aliyeadhibiwa. Kiko katika namna kazi ilivyopangwa, ao tuseme, namna ambavyo haikupangwa. Nyumba nyingi za wageni huku kwetu zinaendeshwa kwa kichwa cha mtu mmoja: yeye ndiye anajua nani anakuja, nani amelipa, chumba gani kina balbu iliyoungua. Siku anapougua ao telefone yake inapozimika, kazi yote inasimama.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha jambo hili. Chukua mfano wa kambi yenye nyumba 12 ndogo na wafanya usafi wawili. Kusafisha nyumba moja vizuri, kubadilisha mashuka, kuosha choo na kupiga deki, kunaomba dakika 45. Nyumba 12 ni dakika 540. Zikigawanywa kwa watu wawili, kila mmoja ana dakika 270, yaani saa ine na nusu. Sasa kambi hiyo inaruhusu wageni wa jana kuondoka saa sita mchana na inaahidi wageni wapya kwamba wataingia saa nane. Kuna saa mbili tu katikati. Katika saa mbili, kila mfanya usafi anamaliza nyumba mbili na kuanza ya tatu. Saa nane ikigonga, nyumba zilizo tayari ni ine. Zile nane zingine zitachelewa hata kama wafanyakazi hao wangekimbia mbio.

Hapo anayestahili kulaumiwa ni nani? Hakuna aliyekuwa mvivu. Ni saa mbili zilizoandikwa ukutani ambazo hazilingani na kazi. Mwenye kambi akisema wageni waondoke saa ine asubuhi na wapya waingie saa tisa, anapata saa tano, na kazi ya saa ine na nusu inaingia humo. Hakulipa franka hata moja. Hakuajiri mtu. Alibadilisha tu karatasi iliyo mlangoni.

Wenye vijiji vikubwa vya mapumziko huko Ulaya walijifunza somo hilo zamani. Mwaka wa 1968, mfanyabiashara wa Uholanzi Piet Derksen alifungua kijiji cha nyumba ndogo katikati ya msitu, karibu na Reuver, ambacho kilikuwa mwanzo wa kampuni ya Center Parcs. Leo, katika vijiji vya Center Parcs vya Uingereza, wageni hubadilishana kwa siku mbili zinazojulikana, Jumatatu na Ijumaa. Kijiji cha Woburn Forest peke yake, kilichofunguliwa mwaka wa 2014, kina nyumba zaidi ya 600. Wanaoondoka hutoka saa ine asubuhi, na wanaoingia hupewa nyumba saa kumi. Lakini aliyefika mapema hazuiliwi mlangoni: anaruhusiwa kuingia kijijini, kuogelea na kula, wakati nyumba yake inasafishwa. Hilo ni jambo la maana. Mgeni yuleyule ambaye angenung'unika kwenye kiti cha mapokezi, sasa ananunua chakula.

Kambi ya Idjwi si Center Parcs, na hakuna anayeomba iwe hivyo. Akili iliyo nyuma ya mpango huo ndiyo inaweza kuvuka bahari: kuangalia kazi yote kama njia moja, kuanzia mgeni anapopiga simu hadi anapopewa karatasi yake ya malipo na kuaga.

Wataalamu wa usimamizi wanaita kazi hiyo kuchora mwendo wa kazi. Si jambo jipya. Mwaka wa 1921, Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke, walionyesha wahandisi wa Marekani namna ya kuchora kazi hatua kwa hatua kwenye karatasi. Siku hizi kuna alama zinazotumiwa dunia nzima, zinazoitwa BPMN, ambazo tangu mwaka wa 2013 zimekubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa. Duara ni mwanzo ao mwisho. Kisanduku ni kazi. Pembe nne iliyosimama juu ya ncha yake ni uamuzi: mgeni amelipa ao hajalipa? Na kila mtu ana mstari wake mrefu, kama wakimbiaji uwanjani: mgeni, mapokezi, usafi, jikoni, fundi, kasa. Mshale unaovuka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine unaonyesha mahali ambapo kazi inatoka mkono mmoja na kuingia mwingine.

Ni kwenye kuvuka huko ndiko mambo mengi yanapotea. Mfanya usafi amemaliza nyumba namba 7, lakini nani anamwambia mtu wa mapokezi? Kama ni kwa kukutana njiani, basi nyumba safi itakaa tupu huku mgeni akingoja kwenye veranda. Tablo ndogo na chaki, ao ujumbe mmoja wa telefone, vinamaliza tatizo. Bomba linavuja katika nyumba namba 3: mgeni alimwambia mlinzi, mlinzi alimwambia mpishi, fundi hakuambiwa na mtu. Daftari moja la matengenezo, lenye tarehe, namba ya nyumba na jina la aliyelipokea, linamfanya fundi ajue kazi yake bila kutafutwa.

Jambo la kupewa chumba kimoja watu wawili nalo linaonekana wazi kwenye mchoro. Mwenye hoteli anapokea simu za marafiki na kuandika katika telefone yake. Msimamizi anaandika katika daftari la mapokezi. Avansi inaingia kwa M-Pesa ao Airtel Money kwenye namba ya mtu wa tatu. Madaftari matatu, kila moja na ukweli wake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mali yenye madaftari matatu yasiyoongea inapotea pia, tena kwa kelele. Dawa ni kalenda moja tu, mahali pamoja, na sharti moja: chumba hakijashikwa mpaka kimeandikwa humo, hata kama anayekiomba ni shemeji ya mwenye hoteli.

Tuangalie pia semina. Basi linaleta watu 20 kwa mara moja. Kila mmoja anajaza karatasi ya utambulisho mbele ya mtu mmoja wa mapokezi, dakika sita kwa mtu. Wa mwisho atapata ufunguo baada ya saa mbili. Kama shirika lililoandaa semina lingetumiwa karatasi hizo siku mbili mbele, likarudisha majina na namba za vitambulisho, ingebaki dakika moja kwa mtu, kuangalia na kutia sahihi. Dakika 20, watu wote wako vyumbani. Na jikoni wangejua tangu jana ni sahani ngapi za sambaza na fufu, badala ya kumtuma mtu sokoni wakati wageni wameshakaa mezani.

Mbuga ya taifa ya Virunga ilionyesha kwamba hata huku kwetu jambo hili linawezekana. Kwa sokwe wa milimani, wageni hawakuzidi sita kwa kundi moja, kwa muda wa saa moja, na barakoa mdomoni. Juu ya Nyiragongo, kwenye mita 3.470, kulikuwa vibanda 12 vya kulala watu wawili wawili. Hesabu hizo ndizo zilizoongoza kazi yote: nafasi ngapi za kuuza, magari mangapi, walinzi wangapi, chakula cha watu wangapi. Kibali, usafiri na mahali pa kulala vilipangwa kama njia moja, na mgeni aliyevuka mpaka hakuachwa ajitafutie mwenyewe.

Kilichoiangusha biashara hiyo si daftari baya. Mbuga ilifungwa kwa watalii baada ya shambulio la Mei 2018 ambamo mlinzi mmoja aliuawa na Waingereza wawili kutekwa, ikafunguliwa tena Februari 2019, ikafungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19. Mlima ukalipuka tarehe 22 Mei 2021. Kisha vita ikaendelea hadi Goma ikaanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari. Yeyote anayesema kwamba mchoro wa kazi utaleta watalii wakati risasi zinalia anadanganya. Rwanda inauza kibali cha kuona sokwe kwa dola 1.500 tangu mwaka wa 2017, wakati Virunga ilikuwa inauza kwa dola 400, na bado umati ulikwenda upande wa pili. Mgeni analipa kwanza usalama.

Kwa hiyo wengine watauliza: kuna faida gani kuhangaika na michoro wakati watalii hawaji? Faida iko kwa wateja waliopo sasa. Mtu wa Bukavu anayelipa franka zake ili bibi arusi alale mahali pazuri ni mteja kama yule wa Brussels. Tena katika kipindi ambacho pesa ni shida, kambi inayopoteza wageni wawili kila juma kwa sababu ya daftari baya haina nafasi ya kungoja amani ndipo ijipange. Na amani ikija, wageni watachagua nyumba zilizoizoea kazi safi, si zile zitakazoanza siku hiyo kutafuta chaki.

Kuna hatari mbili za kuepuka. Ya kwanza ni kukimbilia kununua programu ya kompyuta. Programu inafanya haraka kile ambacho tayari kinafanywa; kama mpango ni mbovu, itauharibu kwa haraka zaidi, na umeme ukikatika hakutakuwa hata daftari. Karatasi kubwa, bik na nusu siku ya mazungumzo vinatangulia. Ya pili ni mbaya zaidi: kuchora njia ya kazi bila wale wanaoifanya, kisha kutumia mchoro huo kufukuza watu. Mama anayesafisha nyumba namba 7 kila siku anajua mambo ambayo mwenye kambi hajui: wapi maji hayafiki, ufunguo gani unakwama, mashuka ngapi zimebaki. Akijua kwamba kusema ukweli kutamletea kufukuzwa, atanyamaza, na mchoro utakuwa uongo uliochorwa vizuri.

Viongozi nao wana mstari wao kwenye karatasi hiyo. Inchi hii iliwahi kukubali kwamba kumzungusha mtu ofisi kwa ofisi ni hasara: ndiyo maana ilianzishwa guichet unique kwa wanaofungua biashara, ili karatasi zikusanywe mahali pamoja. Idara za utalii, za uhamiaji na za kodi zingeweza kufanya vilevile kwa nyumba za wageni. Zikae pamoja, zichore safari ya mgeni kutoka mpakani hadi kitandani, zihesabu ni mara ngapi jina lake linaandikwa na ni mikono mingapi inaomba malipo. Kisha zifute kile kinachorudiwa. Wenye hoteli wanaolalamika juu ya wingi wa kodi wangepata karatasi ya kuonyesha, badala ya malalamiko matupu.

Mwenye kambi hahitaji kungoja ofisi hizo. Juma hili anaweza kuwaita wafanyakazi wake wote, mpishi, mlinzi, fundi na wa usafi, wakakaa mbele ya karatasi moja na kufuata safari ya mgeni mmoja wa juzi, hatua kwa hatua: alingoja wapi, nani alikuwa hajui, pesa ilipitia mkono gani. Wabadilishe jambo moja tu kwanza, walipime kwa mwezi mmoja, kisha waende kwa la pili. Na kama mchoro utaonyesha kwamba kosa lilikuwa la saa zilizobandikwa mlangoni, basi arudishe pia pesa alizomkata mfanya usafi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wazee. Mwenyeji huyo si mwenye hoteli peke yake; ni pamoja na yule aliyetandika kitanda.