Newton Hajafukuzwa Kazi

Kuna hoja inayozunguka vijiweni, kwenye mahubiri na kwenye makundi ya WhatsApp, na kila anayeitoa huitoa kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Sayansi haiaminiki, anasema, kwa sababu hujikanusha yenyewe. Jana walituletea Newton, leo wanatuambia Einstein, kesho atakuja mwingine aseme wote wawili walitupotosha. Basi chanjo zao tuziamini kwa lipi? Mwanafunzi wa kidato cha tatu naye huiokota hoja hiyohiyo na kumpelekea mwalimu: kama Newton alikosea, mbona bado yumo kwenye mtihani?

Swali la mwanafunzi ni zuri na lina jibu. Hoja ya kijiweni ni ovyo, maana imejengwa juu ya mapinduzi ambayo hayakutokea.

Uvumi wenyewe una tarehe. Mei 29, 1919 jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita kisiwa cha Principe alikokuwa mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington na darubini yake, kisha kikaingia Kongo na kuvuka Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka kupima mwanga wa nyota unapinda kiasi gani ukipita karibu na jua. Vipimo vikampa ushindi Einstein, na Novemba 7 gazeti la The Times la London likatangaza kwamba fikra za Newton zimepinduliwa. Kipya kinyemi kingawa kidonda. Tangazo hilo limefika kila mahali, lakini kilichokuwa kinabishaniwa hakikufika: Einstein alitabiri sekunde 1.75 za pembe, na hesabu ya Newton ilitoa nusu yake. Digrii moja ina sekunde 3,600. Newton alishindwa pale, sikatai. Ila alishindwa kwenye mwanga, kitu chenye kasi kuliko vyote, mahali ambapo kanuni zake hazikuwa zimewahi kujaribiwa kwa vipimo.

Twende pale alipojaribiwa. Treni ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma hufikia kilomita 160 kwa saa. Abiria ananyanyuka kitini na kutembea kuelekea mbele, kilomita 5 kwa saa. Kwa mtu aliyesimama kando ya reli, abiria huyu anakwenda kwa kasi gani? Newton anajumlisha: 165. Einstein anasema kasi hazijumlishwi hivihivi. Chukua hiyo 165, uigawe kwa jumla ya moja na zao la kasi zote mbili lililogawanywa kwa mraba wa kasi ya mwanga. Nimeikokotoa. Baada ya saa nzima ya kutembea (behewa na liwe refu kiasi hicho, tusibishane), majibu ya wazee hawa wawili yanapishana kwa takriban mita moja iliyogawanywa mara bilioni kumi. Huo ni upana wa atomu moja ya haidrojeni. Mpeni fundi wa reli futi yoyote ile, hataiona.

Sasa ongeza kasi. Treni iende nusu ya kasi ya mwanga, na abiria ndani yake atembee nusu ya kasi ya mwanga. Newton anasema jumla ni kasi ya mwanga kamili. Einstein anasema ni asilimia 80 tu. Hapo wameachana kabisa. Shusha kasi tena, na mlinganyo mpya unarudi taratibu kuwa ule wa zamani.

Jambo hilo si bahati nasibu. Ni sharti. Nadharia mpya inayotoa majibu tofauti pale ambapo ya zamani imekwisha kupimwa ikakutwa sawa haina haja ya kujadiliwa, inakufa siku hiyohiyo. Niels Bohr, alipokuwa akiijenga nadharia ya atomu kuanzia mwaka 1913, aliligeuza sharti hilo kuwa chombo cha kazi: elektroni ikiwa kwenye obiti kubwa sana, majibu lazima yakutane na ya fizikia ya kale. Na Einstein mwenyewe, mwaka 1915, mlinganyo wake wa graviti ulikuwa na namba ambayo asingeweza kuipata kwa kuwaza tu. Aliipata kwa kudai kwamba graviti ikiwa dhaifu na mwendo ukiwa mdogo, mlinganyo uzae kanuni ya Newton. Ndiyo maana ile namba G ya kanuni ya mvuto ya Newton imo ndani ya mlinganyo wa Einstein mpaka leo. Mpinduzi gani huyu anayeapishwa na mfalme aliyempindua?

Ushahidi unaopendwa zaidi na watu wa kijiweni ni sayari ya Utaridi. Ncha ya njia yake iliyo karibu zaidi na jua husogea kidogokidogo, sekunde za pembe zipatazo 575 kila karne, na tumezoea kuambiwa kwamba hapo ndipo Newton alipoumbuka. Mbona hatuambiwi kwamba karibu 532 kati ya hizo anazieleza Newton mwenyewe, kwa mvuto wa Zuhura, Mshtarii, Dunia na sayari nyingine? Zilibaki 43. Urbain Le Verrier, Mfaransa ambaye mwaka 1846 alitumia kalamu na kanuni za Newton kuonyesha mahali pa kuitafuta Neptuni, aliitangaza kasoro hiyo mwaka 1859 na kuisingizia sayari isiyojulikana, ikaitwa Vulcan. Haikupatikana. Novemba 1915 Einstein akazipata 43 zake bila sayari yoyote ya ziada. Lakini 43 hizo zina maana kwa sababu tu zile 532 ni sahihi, na Einstein alizipokea alivyozikuta.

Kuna jambo moja nalikubali, tena bila shingo upande. Picha hubadilika. Kwa Newton graviti ni nguvu inayovuta kutoka mbali. Kwa Einstein ni mpindo wa nafasi na wakati. Picha hizo mbili hazipatani, na mwanafalsafa wa sayansi Thomas Kuhn aliandika mwaka 1962 kwamba hata masi ya mmoja si masi ya mwingine. Wanafalsafa na waendelee kugombana. Lakini mtu wa kijiweni hatafuti falsafa. Anataka kutuambia kwamba hata vipimo havina mwenyewe, na huo ndio uongo. Majedwali ya maji kupwa na kujaa pale Kilindini hayakuandikwa upya mwaka 1919.

Anayetaka mfano wa nyumbani asogee Malindi. Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini ikiwa imebeba satelaiti ya eksirei iliyopewa jina la Uhuru. Roketi hupanda kwa sheria za Newton. Huko juu, Uhuru ikaona eksirei za chanzo kiitwacho Cygnus X-1 zikipandashuka haraka mno, dalili kwamba kinachozitoa ni kitu kidogo ajabu. Leo kinatambuliwa kuwa shimo jeusi, kitu ambacho hakielezeki bila Einstein. Wanaastronomia walijuaje kwamba ni kizito kiasi cha kuwa shimo jeusi? Waliitazama nyota inayokizunguka kila baada ya siku 5.6, wakapiga hesabu ya obiti ile ambayo Newton aliichapisha misingi yake mwaka 1687.

Kwa hiyo atakayekuambia tena kwamba sayansi hujikanusha, usimbishie. Mwombe akutajie kipimo kimoja tu cha Newton, kilichokuwa sahihi mwaka 1900, ambacho Einstein alikifuta.