Mzazi, simu ilikuwa yako, bando lilikuwa la mwalimu

Mzazi mpenzi, je, wakumbuka jinsi mwanao alivyofunzwa mwaka wa 2020? Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza Machi 15 kwamba shule zifungwe kwa sababu ya Korona, walimu wengi walikuwa hawajawahi kufunza kupitia simu hata siku moja.

Redio na televisheni zilipeperusha vipindi vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Shule za kibinafsi zenye uwezo zikakimbilia Zoom. Wengine walitegemea WhatsApp, na hapo ndipo penye kisa. Mwalimu aliandika hesabu karatasini, akaipiga picha, akaituma kwa bando alilojinunulia. Mtoto naye akajibu kwa picha ya daftari. Hebu fikiria: wanafunzi arubaini, picha arubaini, nyingine zimepigwa gizani, na zote zasahihishwa kwenye kioo kisichozidi kiganja.

Tena zasahihishwa usiku, maana simu ni ya mama, na mama yuko nayo sokoni hadi magharibi. Aliyekuwa na mulika mwizi hakuwa na la kufanya. Mwanawe alikuwa nje ya darasa ilhali hakuna aliyemfukuza.

Shuleni mwalimu husoma nyuso. Mtoto asiyeelewa hutambuliwa kwa macho yake kabla hajainua mkono. Kwenye simu mwalimu aliletewa kumi kwa kumi tupu, kwa mwandiko uliokomaa ajabu kwa mtoto wa Gredi ya Tatu! (Nawe mzazi, usijifanye huelewi nisemalo.)

Kinaya ni kwamba baadhi ya waliojituma hivyo hawakuwa na mshahara. Wale wa TSC waliendelea kulipwa, lakini wengi walioajiriwa na bodi za shule, pamoja na wenzao wa shule za kibinafsi, walijipata mikono mitupu. Uliwahi kumuuliza mwalimu wa mwanao bando lile alilitoa wapi?

Mnamo Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kuwa mwaka huo wa masomo umepotea. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12, na waliosalia wakafuata Januari 4, 2021. Wapo walimu ambao, kabla ya kufungua kitabu, walimwita yule wa kumi kwa kumi ubaoni wakampa chaki.