Migingo: Kwenda au Kutokwenda?

Nilipokuwa Muhuru, upande wa Kenya, nikijiandaa kurejea Mwanza, mwenyeji wangu alinialika tuvuke kwa mtumbwi hadi Migingo, kile kisiwa cha mawe, kisichofikia ekari moja, kinachogombewa na Kenya na Uganda. Wavuvi wa sangara wamebanana humo katika vibanda vya mabati. Nilitamani mno kuwaona.

Lakini mwaka 2009, ugomvi ulipopamba moto, Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya, ila maji ni ya Uganda. Ajabu! Hati yangu ya kusafiria ilikuwa na mhuri wa Kenya tu. Je, nikikamatwa majini, nitajitetea mbele ya hakimu wa nchi gani? Mwenyeji wangu alicheka, asijibu.

Nikashika njia ya Sirari, ingawa hamu ya kukiona kisiwa hicho haijanitoka.