Matcha ni chai, wala si dawa

Kuna unga wa kijani ambao siku hizi unazungumziwa sana katika mikahawa ya Westlands na katikati ya jiji la Nairobi, na ambao sasa umeingia hata majikoni mwetu huku Mountain View. Unaitwa matcha. Wapo wanaoutangaza kwamba unapunguza unene, unasafisha damu, unashusha presha na hata kuzuia saratani. Kwa kuwa wagonjwa wengi huniuliza habari zake, yafaa tulizungumze jambo hili waziwazi.

Maoni yangu ni kwamba matcha ni kinywaji kizuri kwa mtu mzima mwenye afya, lakini ni chai tu. Anayeinunua kama dawa anapoteza fedha zake, na pengine anahatarisha afya yake.

Kwanza tuelewe ni kitu gani. Matcha hutokana na mmea ule ule wa chai unaokuzwa Kericho, Limuru na Nyeri. Tofauti iko katika utunzaji. Huko Japani, hasa Uji karibu na Kyoto na Nishio katika mkoa wa Aichi, wakulima huifunika michai kwa muda wa wiki tatu hivi kabla ya kuchuma ili isipigwe na jua kali. Majani huzidi kuwa ya kijani na ladha yake huwa laini. Yakishachumwa hupigwa mvuke upesi, hukaushwa, huondolewa vijiti na mishipa, kisha husagwa polepole kwa mawe mpaka yawe kama poda. Desturi ya kunywa chai ya unga ilitoka Uchina. Mtawa aitwaye Eisai, aliyerejea Japani mwaka 1191, ndiye anayekumbukwa kwa kuieneza huko.

Sisi tukipika chai huchuja majani na kuyatupa. Anayekunywa matcha humeza jani zima. Hapo ndipo penye faida yake na hasara yake pia. Hupata kwa wingi zaidi kemikali ziitwazo katekini, ambazo wataalamu wanaamini zina manufaa kwa mwili. Lakini hupata pia kafeini nyingi, na chochote kile kilichokuwa ndani ya jani, ikiwemo sumu ya risasi iwapo udongo wa shamba ulikuwa umechafuliwa.

Kwa hiyo usinunue unga wa kupimiwa usio na lebo. Mkebe mzuri huonyesha nchi na mahali chai ilikotoka na tarehe ya mwisho ya kutumiwa. Soma orodha ya vilivyomo: pawe na chai peke yake. Pakiti nyingi zinazouzwa kwa jina hili zimejazwa sukari na maziwa ya unga. Unga bora ni wa kijani kinachong'aa na hunukia kama majani mabichi. Ukiona rangi ya manjano au hudhurungi, ujue ni wa zamani au wa daraja la chini. Usibabaishwe na maneno kwamba ni matcha ya sherehe, kwani hakuna sheria inayosema ni chai gani istahili jina hilo. Ukishafungua mkebe, ufunike vizuri, uuweke kwenye friji na uumalize katika mwezi mmoja au miwili.

Kutayarisha si kazi ngumu. Chukua kijiko kimoja cha chai cha unga, yaani gramu 2 hivi, ukipitishe kwenye chujio ili kuondoa mabonge. Chemsha maji, kisha yaache yapoe kwa dakika kadhaa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi, si 100. Hata hivyo matcha hutaka nyuzi kati ya 70 na 80, la sivyo huwa chungu. Tia maji kidogo ukoroge mpaka uwe uji mzito, kisha ongeza mengine kiasi cha robo kikombe, na upige kwa nguvu mpaka ufanye povu. Wajapani hutumia kifagio kidogo cha mianzi, lakini kifaa cha kupigia mayai au hata uma utatosha. Usitie sukari. Vijiko vitatu vya sukari vitaondoa faida yote unayoitafuta.

Kisha usiinywe ikiwa moto sana. Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu umewaua wengi nchini mwetu, hasa sehemu za magharibi kama Bomet. Onyo hili lahusu pia chai yetu ya maziwa inayomiminwa kutoka kwenye themosi na kunywewa papo hapo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni upungufu wa damu. Chai ya aina yoyote huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, ndengu, sukuma wiki na terere. Mama mjamzito anayemeza tembe zake za madini ya chuma kwa matcha, akidhani anajiongezea nguvu, huwa anazipunguzia nguvu tembe hizo. Zimeze kwa maji, na chai ya namna yoyote ikae mbali na chakula na tembe kwa muda wa saa moja au zaidi. Ajihadhari pia na kafeini: kijiko kimoja cha unga huweza kuwa na miligramu 40 hadi 70, na Shirika la Afya Duniani huwashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze. Watoto wadogo wasipewe kabisa.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, wamwone daktari kwanza, maana jani la chai lina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Wenye presha wasithubutu kuacha tembe zao. Nao wanaomeza vidonge vya chai ya kijani ili wakonde wajue kwamba mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walionya kuwa miligramu 800 au zaidi za katekini kuu ya chai hiyo kwa siku, kutoka kwenye vidonge, zaweza kudhuru ini.

Na je, asiyeweza kununua matcha amekosa nini? Si mengi. Mkebe wa gramu 30 hutoa vikombe 15 tu. Chai yetu ya kijani inauzwa madukani kwa bei nafuu kuliko hiyo, na tangu mwaka 2011 tunayo pia chai ya zambarau iliyotolewa na watafiti wetu wa Kericho. Zitayarishe kwa uangalifu ule ule: maji yasiyotokota, bila sukari, mbali na mlo. Fedha utakazookoa nunua matunda na mboga, au ulipie kupimwa presha na sukari.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu kutoka Japani tumkaribishe mezani, lakini tusimpe kazi ya daktari.