Dirisha la Bima ya Dawa ni Haki, Faini ya Maisha Si Haki

Anayetimiza miaka 65 nchini Marekani hupewa miezi saba ya kujiunga na bima ya dawa ya Medicare, mpango wa serikali wa bima ya afya kwa wazee: mitatu kabla ya mwezi wake wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Muda huo ukimpita, kisha akakaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima nyingine ya dawa inayokubalika, anatozwa faini. Kila mwezi mzima aliokaa bila bima humwongezea asilimia 1 ya ada ya msingi ya taifa, ambayo mwaka 2026 ni dola 38.99. Aliyechelewa miezi 40 ataongezewa dola 15.60 kila mwezi juu ya ada yake ya kawaida. Nyongeza hiyo ataendelea kuilipa maadamu yumo katika bima hiyo, na kwa wengi maana yake ni mpaka kufa.

Ukiisoma mara ya kwanza, sheria hii inafanana na ukatili mtupu. Mimi sioni hivyo kwa sheria nzima. Nusu yake naiunga mkono.

Rais Lyndon Johnson alipotia saini kuanzishwa kwa Medicare mwaka 1965, dawa ambazo mgonjwa huandikiwa na kwenda kununua mwenyewe hazikuwamo. Pengo hilo lilikaa miaka karibu arobaini. George W. Bush alitia saini sheria ya kuliziba Desemba 2003, na bima yenyewe, inayojulikana kama Sehemu D, ikaanza kazi Januari 1, 2006. Serikali haikuiendesha yenyewe, bali iliziachia kampuni binafsi ziuze mipango chini ya masharti yake. Tena kujiunga ni hiari, na hapo ndipo mantiki ya dirisha inapoanzia. Bima ya hiari isiyo na tarehe ya mwisho huvutia wagonjwa tu. Mwenye afya husubiri, akiugua ndipo anakimbilia kujiandikisha, na mfuko unabaki na walaji bila wachangiaji.

Watanzania wameyaona hayo kwao. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ilikuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na mwaka 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wakimkatia mtoto kadi akiwa tayari anaumwa. Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini hesabu ya mfuko nayo haikuwa ya kubuni. Kwa hiyo anayesema mzee aachwe ajiunge siku yoyote anayotaka, bila gharama yoyote ya kuchelewa, ajibu kwanza swali hili: nani atachangia wakati wote wakiwa wazima?

Tatizo langu ni faini isiyokoma. Adhabu hiyo ilikusudiwa kumzuia mjanja anayecheza na mfumo. Lakini mjanja anayejua kupiga hesabu ndiye pia anayejua tarehe, naye hupitwa kwa nadra. Anayenaswa zaidi ni mjane ambaye barua zote zilikuwa zikisomwa na marehemu mumewe, au mfanyakazi aliyedhani bima ya kazini inatosha bila kuuliza kama inakubalika. Mwajiri hutakiwa kumwarifu kwa maandishi kila mwaka kabla ya Oktoba 15, lakini barua ya kitaalamu kwa mtu asiyeielewa ni karatasi tu. Kosa la miaka mitatu kulipiwa miaka ishirini halina uwiano. Faini ingeweza kuisha baada ya kipindi kinacholingana na ucheleweshaji wenyewe, na bado ingemwogopesha mjanja.

Upande wa kubadilisha mpango nao una kasoro yake. Dirisha la kila mwaka hufunguliwa Oktoba 15 na kufungwa Desemba 7, na mabadiliko huanza Januari 1. Aliye katika mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayotolewa kupitia kampuni binafsi, ana nafasi nyingine moja kati ya Januari na Machi. Sasa chukua mzee aliyechagua vizuri mwezi Novemba, dawa zake zote zikiwa kwenye orodha ya mpango. Mwezi Aprili daktari anagundua ugonjwa mpya na kumwandikia dawa isiyomo. Anaweza kuomba aruhusiwe kipekee, daktari akieleza sababu, lakini akikataliwa, kwa kawaida atasubiri hadi Januari. Ule ukomo uliosifiwa sana wa sheria ya mwaka 2022, ambao kwa mwaka 2026 unamzuia mgonjwa kulipa zaidi ya dola 2,100 kwa mwaka kutoka mfukoni, haumsaidii hapa, kwa sababu huhesabu dawa zinazolipiwa na mpango peke yake.

Je, mlango ukilegezwa, mfumo utaanguka? Jibu limo ndani ya mfumo wenyewe. Wazee wa kipato kidogo wanaopata msaada uitwao Extra Help wanaweza kuhamia mpango wa dawa unaojitegemea mara moja kila mwezi, na hawatozwi faini ya kuchelewa. Kinachowezekana kwao kingewezekana, walau mara moja kwa mwaka, kwa mgonjwa aliyeandikiwa dawa mpya isiyomo kwenye orodha yake.

Kwa Waswahili walioko huko, jambo hili lina sura ya pekee. Mzazi aliyeletwa na mwanawe akiwa mtu mzima, asiye na rekodi ya kazi Marekani, kwa kawaida anahitaji ukaazi wa kudumu na miaka mitano mfululizo nchini ndipo aruhusiwe kununua Medicare. Faini haihesabiwi kabla hajastahili, ila siku ya kustahili ikifika, dirisha lake la kwanza hufunguka hata kama ana miaka 72 na hakuna anayemkumbusha. Mwenye Medicare aliyekwenda kuishi Mombasa au Bukavu kisha akarejea, ana miezi miwili kamili ya kujiunga na mpango wa dawa baada ya mwezi wa kurudi. Wengi hudhani wanapaswa kusubiri Oktoba, na kusubiri huko ndiko kunakowagharimu.

Bunge la Marekani ndilo lenye uwezo wa kuipa faini hii ukomo, na wapiga kura wenye asili ya Afrika Mashariki wana wabunge kama wengine, wawaulize. Wakati huo, mwenye mzazi huko aitafute barua ya mabadiliko ambayo kila mpango hutuma kabla ya Septemba kuisha, alinganishe orodha mpya na vidonge vilivyomo kabatini, dawa kwa dawa. Lugha ikiwa kikwazo, apige simu ya Medicare, 1-800-633-4227, na kuomba mkalimani. Huduma hiyo hailipiwi.